Swali la lugha: Wakili haamini Mungu, au hamwamini?

SWALI: Ninaandaa maandishi ya chini (tafsiri inayopita chini ya picha) kwa Kiswahili kwa ajili ya filamu ya The Exorcism of Emily Rose. Muhtasari nimeuandika hivi: "Wakili haamini Mungu lakini anamtetea mganga aliyefukuza majini." Mwenzangu mmoja anataka iwe "haamini katika Mungu", wa pili anasema niandike tu "kafiri", wa tatu anadai neno "majini" halina kazi hapo. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize wa tatu, na hata yeye ameacha kosa moja bila kuligusa: "mganga".

Filamu hii ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Scott Derrickson, ni ya mahakamani kuliko ya kutisha. Padri Moore anashtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo cha msichana Emily baada ya kujaribu kumtoa pepo, na mtazamaji anaachiwa aamue: ni pepo au ni kifafa na maradhi ya akili? Utamu wake ni kwamba pande zimepinduliwa. Anayemtetea padri, Erin Bruner, ni mtu mwenye shaka. Anayemshtaki, Ethan Thomas, ni muumini wa Kimethodisti. Kwa hiyo neno moja ukilikosea kwenye muhtasari, unavuruga kitendawili chote.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho kigumu. "Kumwamini mtu", kwa kiambishi cha mtendwa, ni kumtegemea, kumkabidhi moyo. Ndiyo maana Biblia ya Union Version ina "kila mtu amwaminiye" katika Yohana 3:16. "Kuamini kuwa fulani yupo" ni jambo jingine kabisa. Waraka wa Yakobo unatenganisha mawili hayo kwa kejeli kali: mashetani nao huamini kuwa Mungu ni mmoja, tena hutetemeka. Wanajua yupo, ila hawajamkabidhi kitu. Sasa "Wakili haamini Mungu" inaelea katikati. Msomaji hajui kama Erin anakana kuwapo kwa Mungu au hana imani naye tu.

"Haamini katika" haiokoi kitu. Muundo huo umezoeleka kwenye misimamo na kanuni, kama "tunaamini katika usawa", na huko hausumbui. Kwa Mungu, Kiswahili kina kiambishi chake na hakihitaji mkongojo.

Ukihamia kwa pepo, mtego unazidi. Jaribu kuandika "Wakili hawaamini mashetani" ukidhani umetia kiambishi kwa usahihi. Umesema kwamba hana imani na mashetani, yaani kana kwamba aliwahi kukopeshana nao. Na ukiiondoa "wakili", sentensi "hawaamini mashetani" inasomeka pia kuwa ni watu wengi wasioamini, kwa sababu ha-wa-amini ya mmoja na hawa-amini ya wengi zinafanana herufi kwa herufi. Dawa ni kishazi: "haamini kuwa mashetani wapo". Herufi 27 pamoja na nafasi. Kikomo kinachotumiwa sana kwa maandishi ya chini ni herufi kama 42 kwa mstari, mistari miwili, kwa hiyo nafasi unayo.

Kuna ngazi moja zaidi ambayo wafasiri wengi huiruka. "Haamini kuwa Mungu yupo" ni kukana. "Haamini kama Mungu yupo" ni laini zaidi, mlango haujafungwa. "Hana hakika kama Mungu yupo" ndiyo hali ya Erin hasa. "Mkanamungu" litamzidishia, na "kafiri" si maelezo bali ni hukumu, tena ni neno la muumini wa dini fulani akimtazama aliye nje. Liweke kinywani mwa mhusika mwenye hasira kama yupo. Kwenye muhtasari halifai. "Mpagani" nalo liache, kwani wengi hulisikia kama mtu asiye na dini ya kitabu, na Erin si huyo.

"Mganga" halifai kwa sababu mbili. Padri hafanyi uganga, hilo liko wazi. La pili ni kwamba filamu imejaa madaktari, na kwa Kiswahili cha Tanzania mganga ni daktari pia: Mganga Mkuu wa Serikali hapigi ramli. Mtazamaji akisoma "mganga" hatajua ni shahidi wa upande gani. Andika padri, andika daktari, basi.

Majini kwa watu wa Pwani ni viumbe wenye wema na wabaya wao, wapo hata waumini. Ibada ya Kikatoliki inawalenga pepo wachafu, kwa hiyo "pepo" au "mashetani" ndiyo yafaayo. Upatanisho tu uuchunge: pepo wa kuingia mtu ni huyu, "pepo mchafu, pepo wachafu", ilhali Pepo ya Akhera ni hii, na pepo za kusi ni hizi. Anayeandika "pepo hiyo imemwingia" amempeleka Emily pengine kabisa. Kuhusu tendo lenyewe, "kupunga pepo" lina harufu ya ngoma na chetezo, ambako mara nyingi pepo huulizwa anataka nini na hupewa. Union Version inaonekana kuihisi tofauti hiyo: Yesu na wanafunzi wake "hutoa pepo", ila wale Wayahudi wa kutangatanga katika Matendo 19 wanaitwa "wapunga pepo". Wakatoliki hutumia "kupunga" bila tatizo, kwa hiyo si kosa, lakini kwa padri huyu "kutoa pepo" ni salama zaidi.

Muhtasari wako basi: "Wakili asiye na hakika kama Mungu yupo anamtetea padri aliyejaribu kumtoa msichana pepo." Ukitaka kuongeza: "Anayemshtaki ni muumini."

Hujauliza kuhusu vitenzi vya kusimulia, lakini ndivyo vitakavyokuangusha ndani ya filamu. "Emily anadai kuona nyuso zikibadilika" tayari ni sauti ya mwendesha mashtaka. "Eti" ni mbaya zaidi, inadhihaki. "Kumbe" inathibitisha, inampa padri ushindi kabla ya jopo la raia mahakamani kutoa uamuzi. "Emily anaona" haina upande, kwa sababu hata daktari anakubali kwamba aliona, wanabishania chanzo. "Kutokewa" sivyo: ukiandika "alitokewa na Bikira Maria" umekubali kwamba Maria alikuja. Kwenye barua ya Emily mwenyewe ni sawa kabisa, ni imani yake. Akiisimulia Thomas, mpe "anasema alitokewa". Ma-DJ wa vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, wanaotafsiri kwa sauti, humwaga "eti" watakavyo na watu hucheka. Maandishi ya chini hayana ruhusa hiyo.

Majina yanayotajwa na pepo katika kilele cha filamu yaandike kama yalivyo katika Biblia ya Kiswahili ili mtazamaji ayashike papo hapo: Kaini, Nero (huyu ni wa historia), Yuda, Legioni, Beliari. Lusifa hana mahali katika Isaya ya Union Version, pale pana "nyota ya alfajiri", kwa hiyo andika Lusifa tu.

Na saa. Emily huamka saa tisa usiku, na usithubutu kuandika "saa tatu usiku", maana hiyo ni saa ambayo watu bado wanatazama taarifa ya habari. Padri anaieleza saa hiyo kwa sababu mbili: ni kinyume cha saa aliyokufa Kristo, na tarakimu tatu inaukejeli Utatu. Sababu ya kwanza kwa Kiswahili inakaa yenyewe, kwani Mathayo anasema "saa tisa", na tisa ya alasiri inageuka kuwa tisa ya usiku. Ya pili inakufa. Ukiilazimisha, mtu atakuuliza tatu imetoka wapi. Kama saa ya ukutani inaonekana kwenye picha ikiwa na 3:00, andika "saa tisa usiku, mshale kwenye tatu", na tatu itakuwa imepata pa kushikilia. Kama haionekani, bakiza sababu ya kwanza peke yake.