Rekodi za kukamatwa Kaunti ya Harris: usilipie tovuti, nenda kwa karani wa mahakama

Kaka, usilipie hiyo tovuti, na hiyo fomu usiitume bado. Umeandika kwamba uliwahi kukamatwa Houston, yaani Kaunti ya Harris hapa Texas, miaka ya nyuma, kwamba kesi ilifutwa, na kwamba sasa unajaza fomu ya N-400 ya kuomba uraia wa Marekani, tena unamtafuta mpwa wako aliyekamatwa juzi. Unataka kulipia tovuti ya kupekua rekodi ili uone kama kukamatwa kule bado kunaonekana, na kusipoonekana ujibu kwamba hujawahi kukamatwa. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza nyumbani kwangu, na siwezi kukaa kimya nikimwona Mswahili mwenzangu anaelekea huko huko.

Swali la fomu halikuulizi kama rekodi inaonekana. Linakuuliza kama umewahi kukamatwa au kushikiliwa na askari yeyote, wakati wowote, na maelezo yanayoambatana na fomu hiyo yanasema wazi kwamba unatakiwa kujibu kweli hata kama kesi ilifutwa, hata kama rekodi ilifungwa au kuondolewa kwa amri ya mahakama, na hata kama hakimu, wakili au askari alikwambia kwamba huna rekodi tena. Kisha unachukuliwa alama za vidole, na alama hizo hupelekwa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu. Afisa wa uhamiaji atakayekuapisha siku ya usaili anakuwa na majibu ya FBI mbele yake. Tovuti unayotaka kuilipia haina uwezo wa kukuonyesha anachokiona yeye.

Mume wangu alisimamishwa na askari upande wa mji wa Katy, jirani na Houston, wakati leseni yake imesimamishwa kwa sababu ya zile tozo za ziada za madereva ambazo Texas ilizianzisha mwaka 2003 na kuzifuta Septemba 2019. Wengi wetu tunaoishi huku tunazikumbuka, kwa maana ulilipa faini ya barabarani, ukadhani umemaliza, kumbe deni jingine linakua mwaka hadi mwaka hadi leseni inakufa bila wewe kujua. Alikuwa na tikiti ya nyuma ya kosa hilo hilo, kwa hiyo safari hii likahesabiwa kuwa kosa dogo la daraja la B, ambalo Texas adhabu yake inaweza kufika siku 180 jela na faini ya dola 2,000. Alilala mahabusu, akatoka kwa dhamana, akalipa alichodaiwa, na baadaye mwendesha mashtaka akaifuta kesi. Hakuna aliyetupa karatasi yoyote mkononi, nasi hatukudai, kwa sababu tuliona Mungu ametuvusha na hatukutaka kuisikia tena habari hiyo.

Ulipofika wakati wa uraia tulikwenda kwa mtu mmoja wa jumuiya yetu anayejazia watu fomu kwa malipo. Huyo ndiye aliyetuambia kwamba kesi ikifutwa ni kama hukuwahi kukamatwa, na kwamba la muhimu ni kuhakikisha kwenye mtandao jina limetoka safi. Alifungua tovuti mbele yetu, tukaona duara linazunguka na maneno kwamba inapekua rekodi za mahakama, kisha tukaombwa kadi ya benki, na baada ya malipo ikatoka taarifa ya kurasa nyingi iliyosema kwamba mume wangu hana rekodi ya kukamatwa katika Kaunti ya Harris. Akaichapisha na kuigonga mezani kwa kiganja kama hakimu aliyemaliza shauri. Fomu ikajazwa "hapana".

Taarifa ile haikusema uongo wa moja kwa moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Katy imegawanyika kati ya kaunti tatu, yaani Harris, Fort Bend na Waller, na mahali aliposimamishwa ni Fort Bend. Alilala katika jela ya Richmond, makao makuu ya kaunti hiyo, si Houston. Mtu yeyote angemtafuta Harris hadi Kiyama asingemwona. Texas ina kaunti 254, kila moja ina sherifu wake, jela yake na makarani wake, na hakuna dirisha moja la umma linaloonyesha kila aliyekamatwa katika zote. Hata ile tovuti ya Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, ambayo ni ya serikali na mtu yeyote anaweza kutafuta jina humo kwa ada ndogo, humwonyesha mwananchi wa kawaida hukumu za hatia na kesi ambazo hukumu yake iliahirishwa kwa masharti. Aliyekamatwa na kesi ikafutwa haonekani humo, naye anadhani amesalimika.

Siku ya usaili afisa aliuliza swali lile kwa mdomo, mume wangu akiwa ameapa, naye akajibu kama alivyofundishwa. Afisa akamtajia tarehe na kosa. Kesi yenyewe ya leseni isingemnyima uraia. Wakili tuliyemtafuta baadaye alitueleza kwamba kwa jambo dogo kama lile, tena lililofutwa, afisa angetaka tu kuona karatasi ya mahakama na kuendelea. Kilichomnyima ni jibu. Barua ya kukataliwa ilisema ametoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo, na sheria ya uhamiaji inalihesabu jambo hilo kuwa dosari katika tabia njema inayopimwa, ambayo kwa mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kwa kawaida ni ya miaka mitano kabla ya kuomba. Tuliomba kusikilizwa upya kwa fomu ya N-336, ambayo ina siku 30 tu tangu kupata uamuzi, na bado haikusaidia. Ada ya ombi la uraia la N-400 hairudishwi, na ujue kwamba ilipangwa upya Aprili 2024 kuwa dola 760 kwa karatasi na 710 kwa mtandao. Lakini fedha ni jambo dogo. Mzazi anaweza kuombewa ukaazi na mtoto aliye raia peke yake. Mwenye kadi hawezi kumwombea mama yake. Mama mkwe wangu yuko Tanga, umri umekwenda, na kila Idi anauliza kwa simu kama karatasi zimekamilika.

Ndiyo maana hasira yangu kwa yule mjaza fomu haijapoa. Hapa Marekani mwenye ruhusa ya kukushauri kuhusu uhamiaji ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi katika shirika linalotambuliwa. Mtu wa kujaza fomu anaweza kuandika unachomwambia, basi. Akianza kukuchagulia majibu amekwisha vuka mpaka wa sheria, na madhara yake huyabebi naye bali unayabeba peke yako. Alichukua fedha zetu, na barua ya kukataliwa ilipokuja alituambia labda tulijibu vibaya. Na hizo tovuti, soma maandishi madogo chini kabisa: nyingi zinakiri zenyewe kwamba taarifa zao haziwezi kutumiwa kuamua kumpa mtu kazi au nyumba, kwa sababu hazifuati sheria ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa za watu wanaochunguzwa kwa mambo hayo. Ikiwa zenyewe hazijiamini mbele ya mwenye nyumba, utaziaminije mbele ya afisa wa uhamiaji?

Kwa hiyo shika neno hili: rekodi ni ile iliyogongwa muhuri na karani wa mahakama ya kaunti ulikokamatwa. Nyingine zote ni fununu.

Anza kwa kuhakikisha ni kaunti gani. Usiseme "Houston" kwa mazoea, kwa sababu jiji hilo lenyewe limeingia katika kaunti za Fort Bend na Montgomery, na majirani zetu wa Sugar Land na Missouri City wanajiita watu wa Houston ilhali kesi zao ziko kwingine. Jiulize ulilala jela gani na ni askari wa nani waliokukamata. Ukiwa na hakika ni Harris, nenda kwa karani wa wilaya, ambaye katika kaunti hiyo ndiye anayetunza kumbukumbu za jinai zote mbili, za makosa makubwa na za makosa madogo ya daraja la A na B. Tovuti yake rasmi ina ukurasa wa kutafuta kesi, na ukiwa na namba ya kesi, au ile namba ya mtu ambayo hapo Harris huitwa SPN na ambayo hupewa kila anayeingizwa jela, utafika haraka kuliko kwa jina. Fort Bend mambo yanabadilika: makosa madogo yako kwa karani wa kaunti, makubwa kwa karani wa wilaya. Sisi tulikwenda dirisha la pili wakati tulipotakiwa kwenda la kwanza, tukajibiwa kwamba hakuna kitu, na laiti wakili asingalitufahamisha tungeamini tena kwamba rekodi haipo. Kosa la daraja la C, ambalo mwisho wake ni faini isiyozidi dola 500, litafute katika mahakama ya jiji au kwa hakimu wa amani wa eneo.

Majina yetu nayo ni mtihani. Tafuta kwa kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa, la babu likiwa mwishoni na la baba likiwa mwishoni, Athumani na Othman, Hamisi na Khamis, kwa kuwa askari aliandika alivyosikia. Ndugu zetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi wana tatizo jingine, kwamba wengi waliandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na hapo mtu mmoja hubebeshwa kwa urahisi kesi ya mwenziwe aliyefanana naye kwa jina na tarehe.

Ukiipata kesi usiridhike na kuiona kwenye skrini. Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mwisho, yenye muhuri na sahihi. Gharama yake ni dola chache tu. Kama ulikamatwa na mashtaka hayakufunguliwa kabisa, kwa karani hutakuta kesi, na hapo unatakiwa kupata maandishi rasmi kutoka idara iliyokukamata au mahakama husika yanayothibitisha kwamba hukushtakiwa. Idara hiyo unaiandikia ombi chini ya sheria ya taarifa za umma ya Texas, sura ya 552. Polisi wanaweza kuzuia mengi kwa hoja ya upelelezi, ila taarifa za msingi kuhusu aliyekamatwa, kukamatwa kwenyewe na kosa hawaruhusiwi kuzificha kwa hoja hiyo. Na wakitaka kukunyima mengineyo wanatakiwa, kwa kawaida, kuomba uamuzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo ndani ya siku 10 za kazi.

Na ukitaka kuona kile FBI wanacho juu yako, waombe wao wenyewe. Mtu yeyote anaweza kutuma alama zake za vidole pamoja na dola 18 na akaletewa muhtasari wa historia yake. Tungejua hilo mapema, fedha tulizoilipa ile tovuti zingetosha na chenji ingebaki.

Mpwa wako aliyekamatwa juzi mtafute bure kwenye ukurasa wa sherifu wa Harris wa kutafuta walio jela. Waliokamatwa na polisi wa jiji nao hupitishwa katika kituo cha pamoja cha kupokelea mahabusu kilichofunguliwa mwaka 2019 pale mtaa wa San Jacinto, kwa hiyo asipoonekana saa za mwanzo subiri kidogo utafute tena, kisha jaribu kaunti jirani. Asimsikilize mtu yeyote asiye wakili anayemwambia "kiri umalize", hasa kama si raia.

Jambo la mwisho, ambalo wakili wetu alilisema tukiwa tayari mlangoni pake. Texas inaruhusu kesi iliyofutwa kuondolewa kabisa katika kumbukumbu, na tangu Januari 2025 utaratibu huo uko katika sura ya 55A ya sheria ya mwenendo wa jinai. Ni haki nzuri, na ukiipata mwajiri hataikuta kesi hiyo mahakamani. Lakini amri hiyo ikishatekelezwa karani hana tena cha kukuthibitishia, wakati uhamiaji bado watauliza na bado watataka karatasi. Chukua nakala zenye muhuri kwanza, zaidi ya moja, uzihifadhi pamoja na pasipoti, ndipo umwambie wakili afungue ombi la kuiondoa rekodi.