Itifaki yako ndani ya kivinjari: maswali na majibu

Natengeneza kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha Firefox kinachoonyesha bei za nafaka za soko la Kibaigwa. Nataka mtu akibofya bei:mahindi apate bei za leo. Inawezekana? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM)

Inawezekana, ila si kwa jina hilo. Firefox hukiruhusu kiendelezi kushika itifaki (neno linalotangulia nukta mbili katika anwani) chache zinazojulikana, kama mailto, au jina linaloanza na web+ au ext+. Basi yako iwe ext+bei. Ndani ya manifest.json, faili la maelezo ya kiendelezi, weka protocol_handlers yenye vitu vitatu: protocol, name na uriTemplate. Kiolezo (uriTemplate) kikiwa /bei.html?ombi=%s, anwani yote iliyobofywa huingia mahali pa %s; ukurasa wako unaisoma, unatafuta bei na kuzipanga. Ukiisoma kwa URLSearchParams, zana ya JavaScript ya kusoma kilicho baada ya alama ya kuuliza, inakuja ikiwa imeshafumbuliwa, yaani alama kama %20 zimesharudishwa kuwa za kawaida. Usiifumbue tena, alama za asilimia zitakuvuruga. Ujue pia kwamba juu ya kivinjari itaonekana moz-extension://, anwani ya ndani ya kiendelezi, si ext+bei.

Mwongozo mmoja wa zamani unasema nitumie nsIProtocolHandler, njia ya ndani ya Firefox ya kuunda itifaki, lakini haifanyi kazi. (Nkuhungu)

Njia hiyo ilifungwa kwa viendelezi tangu Firefox 57, Novemba 2017. Achana nayo.

Niandike ext+bei://mahindi au ext+bei:mahindi? (Mwanafunzi yuleyule)

Ya pili. Kwa kanuni ya RFC 3986 ya mwaka 2005, inayoeleza anwani za mtandaoni ziandikweje, mikwaju miwili hutangulia jina la mwenyeji, yaani seva. Mahindi si seva. Andika ext+bei:mahindi/kibaigwa, zao kwanza, soko baadaye.

Linalonigusa zaidi ni tarehe. Bei hubadilika, kwa hiyo anwani ileile leo itatoa jibu hili na kesho lile. Hilo ni sawa kwa anayetaka bei ya sasa. Lakini mtu akitaka kumwonyesha mwenzake bei aliyouzia gunia lake Jumanne, anahitaji anwani isiyogeuka. Ruhusu ext+bei:mahindi/kibaigwa?tarehe=2025-03-04. Isipotajwa tarehe, toa ya leo. Ikitajwa, toa ya siku hiyo tu, na kama hunayo sema huna. Usimpe bei ya siku jirani kimyakimya.

Je, tovuti nyingine haiwezi kuweka kiungo cha ext+bei na kuingia kwangu? (Dada mmoja wa Kisasa)

Inaweza, dada, na nashukuru umeuliza, kwa sababu wengi hawaulizi. Kiungo cha itifaki yako ni mlango ulio barabarani: yeyote anaweza kupiga hodi. Na ukurasa unaofunguka ni wa kiendelezi, una uwezo ambao ukurasa wa kawaida hauna. Kwa hiyo kila kinachokuja baada ya nukta mbili ni maneno ya mgeni. Yalinganishe na orodha yako: mahindi, mtama, alizeti, ufuta. Yasipokuwemo, kataa. Ukiyaonyesha, tumia textContent, inayoyaweka kama maandishi matupu, kamwe si innerHTML, inayoyasoma kama HTML, la sivyo mgeni atakuingizia vitambulisho vya HTML vyake ndani ya ukurasa wako.

Kubwa kuliko yote: anwani isome tu, isibadilishe kitu. Usibuni ext+bei:futa/kumbukumbu. Nimewahi kuona kiendelezi ambacho kubofya kiungo kimoja kulifuta kumbukumbu za miezi, bila kuuliza, na mwenye data alikuwa mzee aliyezikusanya kwa mkono. Kazi ya kufuta iwekee kitufe ndani ya ukurasa, na mtumiaji aulizwe kwanza.

Na Chrome? (Area C)

ext+ ni ya Firefox. Njia ya pamoja ni tovuti ya https inayojisajili kwa registerProtocolHandler, amri ya JavaScript ya kusajili itifaki; jina lianze na web+ na kufuatiwa na herufi ndogo tu. Usisambaze anwani za moz-extension://, maana utambulisho uliomo hutofautiana kwa kila aliyesakinisha. Ndiyo sababu ext+bei inafaa: kiungo kimoja kinafanya kazi kwa wote waliosakinisha kiendelezi chako.

Huku kwetu mtandao hukatika. Kiendelezi kionyeshe nini? (Kongwa)

Hifadhi bei ya mwisho kwenye storage.local, hifadhi ya kiendelezi ndani ya kifaa cha mtumiaji, pamoja na saa ulipoipata. Mtandao ukikatika, ionyeshe, na juu yake kwa maandishi makubwa: “Bei hii ni ya jana, saa nne asubuhi.” Mkulima aliyesimama na dalali anaamua kwa kuangalia mara moja, na bei ya juzi akiidhani ya leo atauza gunia kwa hasara.