Seva ya zamani nyuma ya masjala: jinsi tulivyoacha kuilipia

Hospitali niliyofanya kazi kama afisa TEHAMA ilihamia mfumo mpya wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, lakini ule wa zamani haukuzimwa. Seva yake ilibaki inawaka nyuma ya masjala, kiyoyozi kikivuma usiku na mchana, na kila mwaka mzabuni alituletea ankara ya leseni na matengenezo. Kila nilipouliza kwa nini bado tunalipa, jibu lilikuwa lile lile: "Huenda ukahitajika." Hiyo "huenda" tuliilipia miaka mitatu.

Na si leseni tu. Seva inayokula wati 400 mfululizo inamaliza yuniti 288 za umeme kwa mwezi, kabla hujahesabu kiyoyozi. Yetu ilikuwa inaendeshwa na Windows Server 2008, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama ya bure Januari 14, 2020, hivyo kuiacha kwenye mtandao wa hospitali ilikuwa hatari inayotuhangaisha kila siku. Fedha hizo zingeweza kununua vitendanishi vya maabara. Mimi liliniuma sana.

Wenzangu mnaokabiliwa na jambo hili, msianze na bei ya diski wala ya wingu, yaani kuhifadhi data kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti. Anzeni kwa kujua watu wanatafuta nini ndani ya mfumo wa zamani. Sisi tuliweka daftari la kaunta pale masjala, na kila aliyeufungua mfumo huo akaandika tarehe, nani kaomba na kwa ajili gani. Baada ya miezi miwili picha ilikuwa wazi. Kulikuwa na wazazi waliopoteza tangazo la kizazi wakifuatilia cheti cha mtoto RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, madaktari wakitafuta maelezo ya upasuaji wa zamani, wagonjwa wa saratani wakihitaji majibu ya patholojia, na madai machache ya bima yenye ubishi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeulizia foleni ya wagonjwa au salio la stoo ya dawa la miaka ile, ilhali taarifa hizo ndizo zilizojaza sehemu kubwa ya kanzidata.

Hapo nikafanya kosa ambalo sitaki mlirudie. Nilinyofoa majedwali yote, nikayaweka katika faili za maandishi matupu, nikadhani kazi imekwisha. Siku nilipofungua jedwali la uzazi nikakuta tarehe, saa, uzito gramu 3,100, na kwenye safu ya namna ya kujifungua, namba 4. Nne ndiyo nini? Nikaenda wodi ya wazazi kumuuliza sista aliyekaa pale miaka mingi. "Nne ni upasuaji, mwanangu," akaniambia. "Tatu ni wa kuvutwa na mashine. Zamani tulibandika karatasi pale ukutani." Karatasi yenyewe ilishaondoka na rangi mpya ya ukuta. Namba za uzazi sista alizikumbuka, lakini za maabara na za upasuaji alizijua mzabuni peke yake, naye akasema kuzitafsiri ni kazi mpya yenye bei yake. Tukalipa.

Kwa hiyo orodha ya misimbo, yaani maana ya namba kama ile nne, na maelezo ya kila jedwali vichukueni wakati mkataba bado uko hai, kabla hamjamwandikia mzabuni barua ya kusitisha. Akishajua mnaondoka, hana sababu ya kuwaharakishia chochote.

Jambo la pili ni kutenganisha maandishi na picha za vipimo, maana ukiomba bei ya vyote kwa pamoja, picha zitakubebesha gharama usiyoihitaji. Kata moja ya CT, yaani picha moja kati ya nyingi za kipimo hicho cha eksirei, yenye nukta 512 kwa 512, baiti mbili kila nukta, ni nusu megabaiti. Kipimo cha kata 300 ni megabaiti 150, na vipimo 1,000 ni gigabaiti 150. Maandishi ya wagonjwa wetu wote wa miaka mingi hayakufika hata gigabaiti 40. Maandishi tuliyaweka mahali pa kutafutika upesi, na picha kwenye diski za bei nafuu, nakala mbili, majengo mawili tofauti. Anayefikiria wingu aulize pia bei ya kuzitoa data humo, kwa sababu watoa huduma wengi wanaitoza kando, na amwulize mwanasheria kuhusu kupeleka taarifa za wagonjwa nje ya nchi.

Kila hudhurio tuliligeuza kuwa ukurasa mmoja wa PDF/A, aina ya PDF inayobeba fonti zake ndani na kufunguka bila kuhitaji programu iliyouzalisha. Faharasa yake ina jina, namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa na, kwa watoto, jina la mama. Hiyo inatosha kujibu karibu kila kilichoandikwa kwenye lile daftari.

Kabla ya kuzima, hesabuni wagonjwa upande wa zamani na upande mpya, kisha wapeni madaktari na wauguzi mafaili 200 ya kuokoteza wayalinganishe kwa macho. Msiuruke ukaguzi huu kwa kubana matumizi. Kwetu hesabu zilikuwa sawasawa, lakini daktari mmoja wa upasuaji akasoma maelezo yake mwenyewe na kukuta sentensi imekatika katikati: maandishi yote marefu yalikuwa yameishia kwenye herufi ya 255. Tulirudia kazi ya wiki nzima. Tungekuwa tumeshafuta seva, kilichopotea kisingerudi kamwe.

Kuhusu kufuta, msijiamulie. Hospitali za umma hapa Tanzania zinabanwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo haitaki taarifa za mtu zikae kupita hitaji lake. Kaeni na katibu wa hospitali na mwanasheria, muandike muda wa kila aina ya kumbukumbu. Na seva ikiuzwa, diski zake zisiende nayo.

Mkataba wa mfumo mpya tuliuongezea kifungu: siku tukiachana, mzabuni anakabidhi data zote pamoja na orodha ya misimbo ndani ya siku 60, bila malipo ya ziada. Alibisha wiki mbili, kisha akatia saini.