Wasomaji Wanauliza: Majaribio ya API Yanayokwama Intaneti Inapoyumba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtayarishaji wa programu katika kampuni ndogo iliyopo Sinza, Dar es Salaam. API yetu, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuwasiliana na mfumo wetu, hutumiwa na mawakala wanaokata tiketi za mabasi ya mikoani, na abiria hulipa kwa simu. Tuna majaribio mengi ya kuupima msimbo (maandishi ya programu), lakini karibu kila moja huita seva ya majaribio ya kampuni ya malipo, hivyo huchukua muda mrefu, na intaneti ikiyumba yote hufeli. Wenzangu sasa huyaruka. Tufanyeje ili yajiendeshe yenyewe kila msimbo unapobadilika? Nimesikia habari za seva bandia, ila naogopa kwamba kampuni ya malipo ikibadilisha majibu yake hatutajua. Tena, je, ni lazima tufikishe asilimia 100 ya msimbo uliojaribiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana sababu. Jaribio linalofeli hata pale msimbo ulipo sahihi humzoesha mtu kupuuza rangi nyekundu ya kufeli, na akishazoea ataipuuza hata siku inaposema kweli. Kwa maelezo yako, kila jaribio lenu hupima kwa pamoja msimbo wenu, mtandao na seva ya kampuni nyingine. Likifeli, hakuna ajuaye kosa ni la nani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvitenganisha vitu hivyo vitatu, na suala la kuyaendesha majaribio yenyewe lifuate baadaye.

Ombi la kukata tiketi lina maamuzi mengi yasiyohitaji mtandao hata kidogo: kama namba ya simu ni sahihi, kama kiti ki wazi, nauli ni kiasi gani. Maamuzi hayo yawekeni katika vipande vya msimbo vinavyopokea taarifa na kurudisha jibu, bila kugusa hifadhidata wala intaneti. Chukua namba ya simu: wakala mmoja huiandika kwa kuanza na 0, mwingine na 255, wa tatu na +255 huku akiacha nafasi katikati. Zote zinapaswa kuishia katika umbo moja, yaani 255 ikifuatwa na tarakimu tisa, na iliyopungukiwa tarakimu irudishiwe jibu la 400 (ombi lina kosa) kabla haijafika kwa kampuni ya malipo. Mkitumia zana za majaribio kama pytest au Jest, mnaweza kuandika jaribio moja na kulipatia orodha nzima ya namba za namna hiyo.

Seva ya malipo, kwa upande wake, iwekeeni kaimu, yaani hiyo seva bandia uliyoisikia: kipande kidogo kinachojibu kwa umbo lile lile, kikiwa ndani ya kompyuta yenu. Uzuri wake ni kwamba hutii. Mnaweza kukiagiza kikatae kwa sababu ya salio pungufu, kirudishe 500 (hitilafu ya seva), kilete JSON (umbo la maandishi linalobeba data) iliyokatika katikati, au kinyamaze mpaka muda wa kusubiri uishe. Ukimya huo ndio hatari kuliko yote, kwa kuwa haumaanishi kwamba malipo yameshindikana. Yawezekana abiria ameshakatwa fedha na kilichopotea njiani ni jibu tu. Mfumo unaouchukulia ukimya kuwa kushindwa utamwambia wakala ajaribu tena, na abiria atalipia kiti kimoja mara mbili. Jaribio lidai kwamba baada ya ukimya tiketi ibaki ikisubiri, kiti kiendelee kushikiliwa, na mfumo uulizie muamala kwa namba yake ile ile ya kumbukumbu badala ya kuanzisha malipo mapya. Vivyo hivyo, taarifa ya kukamilika kwa malipo inaweza kuletwa zaidi ya mara moja. Itumeni mara mbili katika jaribio, mdai tiketi iwe moja. Ningepewa siku moja tu ya kazi hii, ningeitumia yote hapa.

Angalieni pia saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu, kwa hiyo tiketi iliyokatwa saa saba na nusu usiku itaingia kwenye mauzo ya jana msimbo ukichukua tarehe ya seva kama ilivyo. Kosa hili halionekani mchana. Msimbo usijiulizie saa wenyewe. Upewe, ili jaribio liweze kuchagua saa hiyo ya usiku wakati wowote.

Mkishafika hapo, kuyaendesha ni kazi nyepesi. Huduma kama GitHub Actions au GitLab CI huyaanzisha kila mtu anapopeleka msimbo, lakini wekeni pia sharti kwamba msimbo uliofeli hauunganishwi kwenye tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), vinginevyo mtakuwa mmejipatia pambo.

Kuhusu asilimia 100, jibu langu ni hapana. Namba hiyo husema kwamba mstari ulipitiwa, wala haisemi kama kuna aliyekagua ulichorudisha.

Hofu yako juu ya kaimu ni ya haki. Bakizeni majaribio machache kati ya mliyonayo yanayoita seva halisi ya majaribio, yaendeshwe usiku, kando na mengine, na yakifeli yatume ujumbe bila kumzuia mtu kazi. Kila moja lilinganishe umbo la jibu lililokuja na sampuli ambayo kaimu huitumia. Zikitofautiana, badilisheni sampuli, kisha mtazame ni majaribio gani ya mchana yaliyovunjika. Sampuli zenyewe ziwe na majina na namba za kubuni, kwani taarifa za abiria zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hazina ya msimbo, zinamohifadhiwa sampuli hizo, husomwa na watu wengi kuliko hifadhidata.