Maswali na majibu: Njia ipo kwenye VRF, ping haipiti

Safu ya leo ni ya wanaojifunza MPLS, yaani kupitisha pakiti kwa kufuata lebo za namba badala ya anwani za IP, na VPN zake, yaani mitandao ya faragha ya wateja juu ya mtandao wa mtoa huduma. Maswali mengi yaliyofika yanafanana, kwa hiyo nimeyafupisha na mengine kuyaunganisha. Kwa asiyezoea vifupisho: PE ni ruta ya mtoa huduma inayopakana na mteja, P ni ruta ya katikati isiyomjua mteja yeyote, na CE ni ile iliyo upande wa mteja. VRF ni jedwali la njia la mteja mmoja ndani ya PE, lisilochanganyika na la mwingine.

Shikamoo mwalimu. Ruta za siku hizi zinasoma anwani za IP kwa kasi ya ajabu. Tunajisumbua na lebo za nini?

Marahaba. Hoja ya kasi ilikuwa na nguvu miaka ya 1990: kutafuta namba moja kamili kwenye jedwali ni kazi nyepesi kuliko kutafuta anwani inayolingana kwa urefu zaidi. Chipu zikaja zikaimaliza hoja hiyo. Ukimsikia mkufunzi bado anafungua somo nayo, mvumilie tu.

Faida iliyobaki ni kwamba lebo inaifunika pakiti isisomwe na ruta za katikati. P haihitaji kujua anwani hata moja ya mteja, wala kuendesha BGP, itifaki ambayo PE hupeana njia za wateja. Inachojua ni namna ya kufika kwa kila PE, basi. Mtoa huduma anaweza kuwa na wateja mia wanaotumia 10.0.0.0/8 ileile, na ruta za katikati zisijue habari hiyo kabisa.

Nimeambiwa pakiti ya VPN hubeba lebo mbili. Kwa nini isitoshe moja, na nitaziona wapi kwa macho?

Lebo ya nje inaifikisha pakiti kwa PE ya upande wa pili. Ya ndani inaiambia PE hiyo pakiti ni ya mteja gani. Ya nje kwa kawaida imegawiwa na LDP (itifaki ya ruta jirani kupeana lebo), ya ndani imeletwa na BGP. Kumbuka kwamba zimetoka sehemu mbili tofauti, maana nitalirudia jambo hilo hapo chini.

Kuziona, chukua mashine ya Linux iliyounganishwa moja kwa moja na PE, irushe ping kwa mwenzake wa upande wa pili, kisha nasa pakiti kwa Wireshark kati ya PE na P ya kwanza. Fremu ya Ethaneti itakuwa na aina 0x8847, na baada yake baiti nane, tuseme hizi:

00 01 00 3F 00 01 81 3F

Kila lebo inachukua biti 32. Tarakimu hizi ni za mfumo wa kumi na sita, na tano za kwanza ndizo lebo yenyewe: 00010 ni 16, na 00018 ni 24. (Hutakuta lebo ya kawaida iliyo chini ya 16, kwa sababu 0 hadi 15 zimetengwa kwa kazi maalumu.) Tarakimu ya sita imebeba biti tatu za daraja la huduma na biti moja inayoeleza kama hii ndiyo lebo ya mwisho: kwenye lebo ya kwanza ni 0, kwenye ya pili ni 1. Mbili za mwisho ni TTL, idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita. 3F ni 63, yaani 64 ya Linux ambayo PE imeshaipunguza moja.

Sasa nasa kiungo cha mwisho, kile kinachoingia PE ya pili. Utakuta lebo moja tu, ile ya ndani. Ruta iliyotangulia imeibandua ya nje kwa ombi la PE yenyewe, iliyotangaza lebo namba 3, ili isilazimike kutafuta kwenye jedwali mara mbili.

RD (route distinguisher) na RT (route target) zinanichanganya. Mbona namba zake mara nyingi zinaandikwa sawa?

Watu huziandika sawa kwa uvivu, na uvivu huo ndio unaowachanganya wanafunzi. Darasani wakiwepo akina Juma wawili, mwalimu humwita kila mmoja pamoja na jina la baba yake. Hiyo ndiyo kazi ya RD, na haina nyingine: baiti 8 zinazowekwa mbele ya anwani ya IPv4 ya baiti 4, ili 10.1.1.0/24 ya mteja mmoja isigongane na ya mwingine ndani ya BGP. RD haiamui njia iingie VRF ipi.

Mwamuzi ni RT. PE inabandika RT kwenye njia inapoitangaza, na PE nyingine inaichukua ikiwa VRF yake imeagizwa kupokea RT hiyo. Ukitaka matawi yaongee na makao makuu tu, yasiongee yenyewe kwa yenyewe, fanya hivi: matawi yatangaze kwa RT moja na yapokee nyingine, makao makuu yafanye kinyume.

Tabia nzuri ya kujenga mapema ni kila PE kuwa na RD yake hata kwa mteja yuleyule. Mteja akiunganishwa kwa PE mbili zenye RD moja, kiakisi cha BGP (ruta inayopokea njia za PE na kuzisambaza kwa nyingine) kitaona njia moja yenye vyanzo viwili, kitachagua bora na kuitangaza hiyo pekee. Njia ya akiba hutaiona mpaka siku ya msiba.

Njia za upande wa pili ninaziona kwenye VRF. BGP iko juu. Hata ping kutoka PE hadi PE inapita. Lakini ping ya mteja haipiti. Nimekagua RT mpaka macho yanauma.

Pole, lakini acha RT. Njia ikishaonekana kwenye VRF, RT imemaliza kazi yake. BGP imeleta lebo ya ndani, hilo limethibitika. Ambalo bado halijathibitika ni mnyororo wa lebo ya nje kutoka PE hadi PE, na ping ya kawaida haiwezi kukuthibitishia. Nitaeleza kwa nini, maana kosa hili ni maarufu sana maabara.

Tuseme kwenye PE ya pili umeandika 10.2.2.2 kwenye loopback0, kiolesura cha ndani ya ruta kisicho na waya, ukaipa maski ya /24. OSPF, itifaki ya ruta za ndani kuambiana njia, kwa tabia yake inaitangaza anwani hiyo kama /32 bila kujali maski uliyoweka. PE yenyewe kwenye jedwali lake ina 10.2.2.0/24, kwa hiyo LDP yake inatangaza lebo ya /24. P iliyo jirani ina njia ya 10.2.2.2/32 kutoka OSPF, inatafuta lebo ya /32 kutoka kwa jirani, haipati. Hata hivyo P hiyo inawatangazia wengine lebo yake ya /32, kwa hiyo PE ya kwanza inaona kila kitu kiko shwari.

Pakiti ya ping ya PE kwa PE inafika kwa P ikiwa na lebo moja. P inaibandua, inakuta IP chini yake, inaipitisha kama kawaida. BGP nayo inaishi kwa njia hiyohiyo. Pakiti ya mteja inafika ikiwa na lebo mbili. P haina lebo ya nje ya kuendelea nayo, na chini yake kuna lebo ya ndani isiyoijua. Inaitupa, kimya kimya.

Kwenye ruta ya Cisco, nenda kwa P ya mwisho, andika show mpls forwarding-table, utazame mstari wa 10.2.2.2/32. Ukikuta No Label mahali ulipotarajia Pop Label, umempata mwizi. Weka maski ya /32, au iambie OSPF iichukue loopback0 kama kiungo cha pande mbili, na mambo yatakaa sawa. Kuanzia leo jaribu njia kwa ping mpls ipv4 10.2.2.2/32 badala ya ping ya kawaida. Jaribio hilo, ambalo RFC yake (hati ya viwango vya intaneti) ya sasa ni 8029, huelekeza pakiti kwenye anwani ya ndani ya 127/8 kwa makusudi: lebo ikikatika njiani, pakiti haiwezi kuokolewa na IP, kwa hiyo hudanganywi.

Kama maski ni sahihi na ping ndogo zinapita ila kurasa zinakwama katikati, tazama MTU, ukubwa wa juu wa pakiti ambao kiungo kinaruhusu. Lebo mbili ni baiti 8, hivyo pakiti ya mteja ya 1500 inahitaji 1508 kwenye kila kiungo cha ndani. Lebo ya tatu ya njia ya dharura ikiongezeka, 1512. Ruta za ndani zipe nafasi kubwa tangu siku ya kwanza, 9000 na kitu, usihangaike kuhesabu.

Kiungo kikikatika na kurudi, wateja wa VPN wanapotea sekunde kadhaa baada ya kurudi, si wakati wa kukatika. Inawezekanaje?

OSPF inawahi, LDP inachelewa. Njia fupi inarejea kwenye jedwali kabla jirani hajatoa lebo. Washa usawazishaji wa LDP na OSPF (RFC 5443): kiungo kitatangazwa kwa gharama ya juu kabisa mpaka LDP iwe tayari.

Kampuni yetu inalipia VPN ya MPLS. Bosi anasema data yetu imesimbwa. Kweli?

Hapana. VPN hii inatenganisha, haisimbi. Mteja mwingine hataziona pakiti zenu, lakini mhandisi wa mtoa huduma, au mtu atakayefanikiwa kuunganisha kifaa chake kwenye faiba, atazisoma kama zilivyo. VPN ya kwenye simu ni kitu kingine kabisa, ile inasimba kutoka kwenye simu hadi kwenye seva. Kama taarifa zenu ni nyeti, wekeni IPsec, itifaki ya kusimba pakiti, kati ya CE na CE juu ya MPLS, na mkumbuke kwamba nayo inakula MTU.

Traceroute ya mteja, ile inayoorodhesha ruta za njiani, inaonyesha ruta ya kwanza ya ndani ina ucheleweshaji karibu sawa na mwisho wa safari. Kiungo cha karibu kina tatizo?

Hakina. TTL ikiishia kwa P, P haijui njia ya kumrudia mteja. Jibu lake inalisukuma mbele kwa lebo zilezile hadi PE ya mwisho, ambayo ndiyo inaligeuza. Kila P inajibu kwa kuzunguka huko, ndiyo maana namba zinafanana. Kuna watoa huduma wanaozima unakiliji wa TTL (ya IP kuhamishiwa kwenye lebo) na ruta za ndani zikatoweka kabisa kwenye orodha, nao hawajavunja kitu.

Sina ruta. Nitajifunzaje kwa kompyuta moja ya kawaida?

Linux yenyewe inapitisha MPLS tangu kerneli 4.1 ya 2015, na programu huria ya FRRouting inakupa OSPF, LDP na BGP. Containerlab itakuunganishia vyote kwa faili moja ya maandishi. Kinachowakwamisha wengi ni kerneli kukataa lebo zote mpaka uongeze net.mpls.platform_labels, ambayo huanza na sifuri, na uruhusu net.mpls.conf kwa kila kiolesura kitakachopokea lebo. LDP itaonekana nzima, lebo zitaonekana zimegawiwa, na hakuna kitakachopita.

Usijenge kiini cha PE, P, PE. Ukiwa na P moja hutaona lebo ikibadilishwa hata siku moja: PE inabandika, P inabandua, kwisha. Weka P mbili. Na wateja wawe wawili wenye anwani zinazogongana kabisa, kila mmoja na 10.1.1.0/24 yake, la sivyo hutajua kama VRF zako zinatenganisha kweli.

Nianze na LDP, RSVP-TE au segment routing? Na je, naweza kuruka BGP?

BGP huwezi kuiruka. VPN zote hizi zimesimama juu yake.

Kati ya hizo tatu, anza na LDP hata kama kazini kwenu inaondolewa. Ni nyepesi, na inakufundisha kwamba kila ruta inajichagulia lebo yake. Ukihamia segment routing (RFC 8402, 2018) utaona tofauti papo hapo: lebo zinasafiri ndani ya OSPF au mwenzake IS-IS, LDP haipo tena, na ruta yenye namba 7 kwenye mtandao ambao lebo zake zinaanzia 16000 inafikiwa kwa lebo 16007 kutoka popote. Kutafuta hitilafu kunakuwa raha. RSVP-TE isome uielewe, kwa sababu mitandao mikubwa ya zamani bado inaitegemea kugawa njia kwa nafasi iliyopo, ila nisingempa mwanafunzi mpya miezi ya kuihifadhi.

Watu wanasema SD-WAN, yaani kuunganisha matawi kwa programu juu ya intaneti ya kawaida, imeiua MPLS. Nabadilisha mwelekeo?

SD-WAN imewapunguza wanaonunua VPN ya MPLS kuunganisha matawi yao, hilo ni kweli. Lakini pakiti za SD-WAN zinapita juu ya mtandao wa mtoa huduma, na humo ndani lebo bado zinafanya kazi. Kama una muda wa kuongeza somo moja, ongeza EVPN, RFC 7432 ya 2015. Ndani yake BGP inabeba anwani za MAC badala ya njia za IP pekee, inatumika kwenye MPLS na vilevile kwenye VXLAN (fremu za Ethaneti zilizofungwa ndani ya pakiti za IP) za vituo vya data, na RD na RT utazikuta palepale, kwa kazi ileile.