Mwanangu analipua homuweki, nifanyeje?

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume yuko darasa la nne. Akili anazo, lakini homuweki analipua. Maswali kumi ya hesabu dakika tano, insha haina nukta wala herufi kubwa, daftari anatupa mezani, huyo, mpirani. Juzi 503 kutoa 178 kaandika 475! Nimemnyima katuni, nimechana kurasa aandike upya, fimbo nimetumia, nimemtolea mfano dada yake. Mwisho wa mwaka ana upimaji wa taifa. Nimwongezee twisheni? – Mama J., Morogoro*

Marahaba mwanangu. Barua yako imenichekesha kidogo, usinune. Maswali kumi kwa dakika tano! Huyo si mvivu. Mvivu angekaa na hilo daftari mpaka saa ya kulala. Huyu ana pa kwenda.

Na sheria ya hapo kwenu nadhani naijua, ingawa hukuiandika: "Maliza homuweki ndipo ukacheze." Iko karibu kila nyumba. Sasa hebu ifikirie kwa upande wa mtoto anayesikia wenzake wakigawana timu nje ya geti. Umemwambia kinachofungua mlango ni kumaliza. Hukumwambia kupata. Naye anamaliza. Kila dakika ya kuhakiki jibu anaikata kwenye mpira wake mwenyewe, na mtoto gani atafanya hivyo?

Badilisha masharti. Ale kwanza, maana hesabu za mtoto mwenye njaa zinajulikana. Kisha nusu saa ya daftari, kila siku, saa ileile. Akimaliza kwa dakika tano, ishirini na tano zilizobaki ni za kukagua kazi yake. Geti halifunguki mapema. Siku za mwanzo atakunja uso na kuchorachora pembeni ya daftari. Mwache achore. Ila nusu saa ikiisha, mwachie kweli, hata kama kuna maswali yamebaki. Hayo atayamalizia akishaoga. Ukianza "malizia na hiki kidogo" umeshaharibu, hatakuamini tena.

Halafu kuna hiyo 475. Wewe umeiweka kwenye papara, mimi nina wasiwasi nayo. Ifuatilie alivyoifanya. Kwenye mamoja, 3 kutoa 8 imemgomea, akageuza 8 kutoa 3, akapata 5. Kwenye makumi, 0 kutoa 7 ikamgomea, akageuza tena, akapata 7. Mamia, 5 kutoa 1, akapata 4. Mwanangu, hapo hakuna papara. Mtoto ana njia yake na ameifuata hatua kwa hatua bila kuteleza, ila njia yenyewe ndiyo mbovu. Inaelekea kukopa penye sifuri hakujamwingia, na ukimwambia "tulia" mara mia atatulia na kukosa vilevile.

Utajuaje? Jumamosi asubuhi, kabla hakujachangamka huko nje, mpe hesabu tatu za namna hiyo. Akizipata, basi ni haraka tu. Akizikosa kwa mtindo uleule, hajui. Hapo tafuta vijiti, funga kumikumi, na mafungu kumi funga pamoja yawe mia. Avunje mia moja apate makumi kumi, kisha achukue kumi moja alivunje apate vijiti. Macho yake yaone kwamba pale penye sifuri sasa yamebaki makumi tisa. Wengi wanapotea hapohapo.

Mzoeshe pia kujikagua mwenyewe: jibu lake ajumlishe na ile namba aliyotoa. 475 na 178 ni 653, wala si 503. Atashtuka bila wewe kufungua mdomo, na huo mshtuko una kazi kubwa kuliko kalamu yako nyekundu.

Kwenye insha nako usimwonyeshe kosa liko wapi. Mwambie tu, "Aya hii ina makosa matatu, yatafute." Asome kwa sauti, kidole kikipita chini ya kila neno. Watoto wa umri huo wanapenda kusaka vitu, watataka hata kushindana na wewe. Na akiyapata, tafadhali, usimwambie "si unaona, kumbe unajua!" Hiyo inamwambia kwamba siku zote alikuwa anakudanganya.

Kurasa usichane tena. Akiandika upya akiwa na hasira ataandika mbio kuliko mwanzo, ili yaishe. Fimbo weka chini. Dada yake naye muache apumzike, hajaomba kuwa mfano, na ukiendelea hivyo utakuja kuniandikia barua nyingine kuhusu wawili hao.

Twisheni, hapana, angalau si sasa. Atoke shule, aingie twisheni, arudi magharibi na homuweki mbili za kulipua badala ya moja? Kama Jumamosi zile hesabu zitamshinda, chukua daftari lake uende kwa mwalimu wake wa hesabu, umwonyeshe hiyo 475 jinsi ilivyopatikana, na umwombe amrudishe kidogo kwenye kutoa kwa kukopa. Nenda mapema, upimaji ukiwa bado uko mbali.