Kuchuma machungwa Muheza: pesa ya mchumaji iko chini ya mti

Mdogo wangu, umeuliza kama inafaa utoke Dodoma uje Muheza kuchuma machungwa ukisubiri matokeo ya kidato cha sita, na kama kazi yenyewe ina pesa. Nimechuma misimu mitatu, 2014 hadi 2016, nikianzia upande wa Mkanyageni. Kama hukuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), njoo, inafaa. Ila hilo la pesa nalijibu kwa urefu, maana vijana wengi wanakuja wakidhani pesa ya mchumaji iko juu ya mti. Iko chini, kwenye hesabu.

Ujue kwanza kwamba mwenye shamba mara nyingi keshauza machungwa yakiwa bado mtini, wengine tangu maua. Atakayekulipa ni tajiri mwenye fuso au dalali wake, na gari lina haraka ya kwenda Dar au kuvuka Horohoro kuingia Kenya. Siku yetu ya kwanza tulikuwa sita. Tulipatana bei ya kila mia moja, tukapanda. Jioni kwa hesabu yetu tulikuwa na mia 40. Msimamizi wa tajiri akahesabu upya, akasema mia 36. Hakuficha hata chungwa moja. Mia yake ilikuwa na machungwa 110, yale kumi eti ni ya kuoza njiani, na asubuhi hakuna aliyetwambia. Giza limeshaingia, dereva kawasha gari, utabishana na nani? Tulipokea tulichopewa. Niliumia, na hata leo nikiona kijana anapanda mti kabla ya kuuliza, roho inaniuma vilevile.

Kwa hiyo ukiulizwa bei, nawe uliza mia ina machungwa mangapi. Uliza madogo na yenye madoa yanahesabiwa au yanatupwa upande, na yakitupwa ni ya nani. Uliza pesa inatoka leo au mpaka gari lirudi. Uliza mbele ya wenzako wote, asubuhi, kabla mtu hajagusa tawi. Tajiri mwenye nia njema hakasiriki kuulizwa.

Halafu jifunze kuhesabu. Unachuchumaa kando ya lundo, unachukua mawili kila mkono, unatupa manne kwa mara moja. Mitupo 25 ni mia. Kila mia ikitimia, chungwa moja linawekwa pembeni kama shahidi, na mwisho mnahesabu mashahidi. Msimu wa pili tulimteua mwenzetu mmoja asipande kabisa saa ya kuhesabu ikifika, akae na msimamizi, kila mmoja na mashahidi wake. Tulimlipa sawa na sisi. Ugomvi ulikwisha siku hiyohiyo.

Sasa mtini. Usitafute chungwa la rangi ya njano. Joto la huku halipoi usiku kiasi cha kubadilisha ganda, kwa hiyo chungwa linaiva likiwa kijani. Utalijua kwa uzito na kwa ganda lililolainika na kung'aa, na kabla ya kuanza mti, pasua moja uonje. Shika chungwa zima kiganjani, lizungushe kidogo, ndipo uvute. Ukilivuta kwa pupa kikonyo kinang'oka na kipande cha ganda, linabaki tundu, na hilo ndilo litakaloanza kuoza na kuambukiza mengine. Yaliyodondoka usiyachanganye na ya kuchuma, hata kama yanaonekana mazima. Na umande ukiwa bado upo, subirini. Ganda lililolowa likibanwa linatoa mafuta yake, kesho lina doa la kahawia, na doa hilo litakatwa kwenye hesabu yako wewe.

Kitu kitakachokufanya utamani kurudi Dodoma ni maji moto. Ni chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa kiota, na jina lao linatosha kukueleza wanavyouma. Wakikuingia shingoni uko tawi la juu, mkono mmoja ni wa kushikia tawi, mwingine wa chungwa, huna wa kujikuna. Mzee mmoja wa Kibondei, kabila la huku, alinifundisha nizunguke mti kwanza nikitazama juu, nijue viota viko wapi, nipande upande wa pili. Matawi yenye viota nichume nikiwa chini kwa ngoeko, ule mti mrefu wenye ndoano nchani. Alinikataza kabisa kuvichoma. Alisema mti wenye maji moto hausumbuliwi na wadudu wengine, na kweli niliona machungwa ya miti ile yalikuwa masafi. Vaa mikono mirefu hata kukiwa na joto, kwa ajili yao na kwa ajili ya miiba. Kiroba chako kivae begani, usikifunge kiunoni, ili ukiteleza ukitupe haraka.

Chandarua beba. Chakula utakopa kwa mama ntilie, naye anaandika kwenye daftari. Kila jioni mwombe akusomee ulichokula, umlipe siku hiyo ukiwa nayo, maana nimeona wenzangu wanamaliza msimu pesa yote ikiishia kwake, na si kosa lake.

Ukija, usipite hadi Tanga mjini. Basi likishaacha Segera, shuka Muheza. Usikubali dalali wa kwanza atakayekudaka stendi. Lala siku moja, nenda asubuhi mashambani ukatafute kundi la wachumaji wenyeji, uwaombe kuchuma nao hata siku mbili. Wakikukubali, angalia nani anawahesabia. Huyo kaa naye karibu.